Vitofali vya Mzee Aminieli

Jumatatu, 2 Desemba

Mwezi wa saba tangu nitoke kwetu Kiomboi. Nimekata majani ya ng'ombe, nimebeba, nimekamua. Mgongo unauma. Kahawa imekwisha kuchumwa. Imebaki kazi ya ng'ombe na ya Mzee.

Mzee Aminieli, mwenye kihamba hiki, shamba la migomba na kahawa, alipata kiharusi mwezi wa nane. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kushoto ni mzito. Mwanawe Godlisten wa Dar ametuma boksi la vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vinavyobanana kimoja juu ya kingine. Ni vya kujenga nyumba yenye paa la kijani. Eti daktari anataka Mzee avifanyishe vidole kazi. Mzee alicheka. "Nimejenga kanisa la mtaa huu, leo napewa banda la plastiki." Lakini boksi alilifungua mwenyewe.

Kazi yangu ni kushika kitabu cha picha. Hakina maneno. Afadhali, mimi niliishia darasa la tano.

Jumatano, 4 Desemba

Vitofali hivi vinasumbua kuliko tofali za kweli. Vyeusi na vya kahawia vinafanana wingu likishuka, na hapa Machame linashuka mapema. Viwili viling'ang'aniana, nikavitenganisha kwa meno. Mzee akasema, "Mkumbo, hayo meno yatunze. Krismasi kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma."

Baadaye mlango ukakataa kuingia. Kumbe ukuta wa nyuma tuliukosea tundu moja, kurasa nyingi zilizopita. Tukabomoa. Mzee hakukasirika. Alisema ukuta uliokosewa chini hauponi juu kwa kupigwa ngumi. Nilifurahi kukaa naye.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeshinda zizini. Ng'ombe amekaribia kuzaa. Mzee alijenga peke yake.

Niliporudi akasema madirisha hayapo. Tofali nyeupe pia hazipo. Nikapiga magoti. Chini ya makochi, chini ya kapeti, kwenye ndoo ya taka, hata kwenye kinyesi cha kuku waliopita sebuleni. Hakuna. Yeye amekaa tu mezani na sweta lake zito, mkono wa kushoto umelala juu ya meza, ananifuata kwa macho.

Sikupenda alivyonitazama.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku mbaya.

Nimeingia na ndoo ya maziwa, nikamkuta anaongea na Godlisten, simu imewekwa sauti kubwa. "Huyu Mnyiramba wenu ameanza na vitofali. Kesho atamswaga ng'ombe." Godlisten akauliza, "Baba, vitofali avipeleke wapi?" Mzee akajibu, "Ana watoto kwao."

Kweli nina watoto. Niliiweka ndoo chini, nikatoka.

Sijawahi kuitwa mwizi. Nimelala kwenye nyumba za watu tangu ujana, na kinachonipa kazi ni jina langu tu. Nikitoka hapa na jina la mwizi, habari itafika Sanya Juu kabla yangu. Hakuna atakayenipa zizi lake.

Mchana akaja Haika, binti wa Mzee, mwalimu mjini Moshi. Hakuweza kunitazama. "Kaka Mkumbo, nisamehe. Baba ameng'ang'ania niangalie begi lako." Nikalimwaga mwenyewe uani. Shati, suruali, sabuni, gauni la mwanangu nililonunua Boma Ng'ombe. Mama Manka, jirani yetu, alikuwa amesimama kwenye migomba na kidumu chake cha maziwa. Ameona kila kitu.

Jumamosi ijayo naondoka. Hata Krismasi siingojei.

Jumapili, 8 Desemba



Walipotoka kanisani Haika alipika ndizi na nyama. Tangu Ijumaa sikuisogelea meza ya Mzee, leo niliitwa nilete maji. Mzee alikuwa amekula upande wa kulia wa sahani, ukaisha kabisa. Upande wa kushoto haujaguswa, kama umekatwa kwa kisu. Akasema, "Haika, siku hizi unanipimia chakula?"

Haika alidhani ni utani. Kisha akatazama sahani. Akaizungusha taratibu.

"Sasa umeongeza," Mzee akasema. Akaendelea kula.

Haika akauinua ule mkono wa kushoto. Madirisha yalikuwa chini yake. Tofali nyeupe pia. Nyingine zimenasa kwenye sweta, na kwenye ngozi zimeacha alama za viduara. Ukingo wote wa kushoto wa meza umejaa vitofali.

Nikaitazama nyumba aliyojenga. Kulia ukuta umesimama, umenyooka. Kushoto sakafu tupu.

"Baba, nyumba imefika wapi?"

"Imebaki madirisha tu."

Haika akamwekea vile vitofali mbele ya macho. Mzee akasema tumevileta sisi sasa hivi, tunamfanya mtoto. Hakuwa anatania. Haika akaenda jikoni kulia. Jina langu limesafishwa na sikufurahi. Niliogopa.

Jumanne, 10 Desemba

Wamempeleka hospitali mjini. Haika amenieleza. Macho ni mazima. Kiharusi ndicho kimemfutia upande wa kushoto kichwani. Hajui kama upande huo upo, kwa hiyo hautafuti. Kwa mazoezi huenda akapata nafuu.

Nazunguka zizini nikiwaza hilo tu. Mtu anapotewa na nusu ya dunia, hajui, anatafuta mwizi.

Mzee amerudi. Naye ameelezwa na daktari hayo hayo. Begi langu limefungwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Asubuhi nimefungua mlango, nikakuta jani refu la kijani limepigwa fundo, limechomekwa kwenye komeo langu. Kwetu ukikuta fundo mlangoni, kuna mtu amekukusudia ubaya. Nikajua Mzee ananifukuza kwa dawa. Sikuligusa. Nililisukuma kwa jembe mpaka jalalani.

Mama Manka alikuwa anapita na maziwa. "We Mnyiramba, unalifanyia nini isale?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akatua kidumu chini. "Umerogwa na mzee wa kanisa!" Kisha akaacha kucheka. "Mchagga akikupa isale anakuomba msamaha. Halikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu akija nalo, unapokea. Na wewe umelipeleka jalalani."

"Mimi si Mchagga."

"Ndicho ulichokiona hapo tu? Mzee na fimbo yake amefika mpaka mlangoni kwako. Kaliokote kabla hajaliona."

Nimeliokota. Nimeliosha kwenye mfereji. Nikaingia nalo sebuleni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nikakaa kulia kwake. Alilitazama jani mkononi mwangu, akainamisha kichwa. Hasira haijaisha yote. Lakini nimepokea.

Jumamosi, 14 Desemba

Sijaondoka. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Haika ameweka nyumba na vitofali vyake kwenye sinia. Mzee akimaliza upande mmoja anasema "Geuza," nami nageuza. Mara nyingine anasahau kusema, nageuza tu. Anashangaa kila mara kukuta ukuta haujajengwa. Nami nashangaa naye.

Nyumba imefika paa. Kitofali kimoja cha kijani hakipo. Tumetafuta kushoto, chini ya mkono, ndani ya sweta, chini ya makochi. Hakipo kweli. Nilibaki nimepiga magoti, nikingoja atakalosema.

Alilitazama paa. "Wa kiwandani nao wanasahau," akasema. Akachukua cheusi, akaziba.

Nikaenda kukamua.

Nimempigia mke wangu. Wageni wa Krismasi wakishapanda mabasi yao ya kurudi mijini, na mimi napanda langu. Nitafika Kiomboi kabla ya mwaka mpya.