Mlio wa Baba, Kutoka Sifuri Hadi Kumi

8 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na mama pia. Mimi sijambo, ila nina mafua. Bweni zima tunayo, kwa hiyo hayahesabiki.

Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha gazeti. Mwalimu wa biolojia alikileta tulipokuwa tukisoma sikio. Hospitali kuu inatafuta watu arobaini wa kujitolea katika utafiti, watu wanaosikia mlio masikioni ambao mtu mwingine hausikii, na uwe umedumu zaidi ya mwaka. Wako una miaka minne. Watakaochaguliwa watapewa kifaa cha kuvaa sikioni, na watafiti watapima kama kinaupunguza. Mwalimu anasema hakuna aliyeahidi kuponya mtu, ni kujaribu tu. Lakini sisi hata cha kujaribu hatujawahi kuwa nacho.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiegemeza ncha ya bisibisi kwenye jenereta na mpini wake sikioni, halafu unaniambia vali ipi imelegea. Mama ameniandikia kwamba bosi wako amekuhamishia kuosha vipuri, kwa sababu injini huzisikii tena. Wewe hukuniambia. Tafadhali nenda, baba.

Ni mimi, binti yako

*

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima, hatuna neno. Mama yako anasema unywe maji ya moto na uache kutembea peku bwenini.

Nimekwenda, na wamenipokea. Mtafiti mwenyewe ni msichana mdogo, labda amekupita miaka kumi, miwani imemzidi uso. Alinifungia katika chumba kidogo kama kabati, kuta zote sponji, akanivisha spika za masikioni. Kila nikisikia sauti nibonyeze kitufe. Humo ndani husikii hata inzi. Tukabaki mimi na mlio wangu, nikawa nabonyeza ovyo tu kama mtoto aliyepewa simu.

Wamenipa daftari. Kwa siku ishirini na nane, kabla ya kugawiwa vifaa, kila jioni niandike namba. Sifuri ni kimya kabisa, kumi ni mlio usiovumilika. Kila Ijumaa nalipeleka, naye analisoma mbele yangu.

Kwenye benchi nakaa na mwashi mmoja, mtu wa utani. Aliniuliza, "Fundi, wako unalia kama nini?" Nikamwambia kama birika lililosahauliwa jikoni. Akasema, "Una bahati. Wangu ni mashine ya kukatia vigae, na haipumziki hata Jumapili." Tulicheka mpaka muuguzi akatutazama.

Soma kwa bidii.

Baba yako

*

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Nilisoma barua yako mara tatu, na ile ya birika nikawasomea wenzangu. Sasa kila jioni mmoja wao lazima aniulize, "Birika la mzee linasemaje?" Hawakucheki, baba. Wamekupenda.

Nimechora sikio ukutani juu ya kitanda changu, na sehemu zake zote. Najua haliponyi kitu. Nataka tu nijue mlio unapopita.

Nikifunga shule utakuwa umeshakivaa kifaa. Nitakuletea jenereta mbovu ya shule uniambie ina nini.

Binti yako

*

30 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama anakusalimu.

Utafiti umekwisha kwa upande wangu. Mtafiti aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Baba, daftari lako lina mbili na tatu tu. Kifaa ni cha wenye tano kwenda juu. Kwa namba hizi hata kikifanya kazi hatutaiona tofauti." Nikamwambia sawa, asanteni kwa kunihangaikia. Nafasi yangu amepewa mtu mwingine.

Usisikitike. Kazi ya kuosha vipuri nayo ni kazi.

Baba yako

*

7 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi afya yako, kwa sababu jibu ninalo tayari.

Mbili? Mama anasema unaacha chakula mezani na kwenda kukaa karibu na bomba la uani, unalifungulia ndooni ili maji yaufunike mlio, na ndoo ikijaa unaimwaga na kuanza upya. Mtu wa mbili hafanyi hivyo.

Kwa nini uliandika mbili? Ni mimi niliyekuomba uende. Nilidhani jambo gumu ni kupata nafasi. Sikufikiri ungeipata halafu uipoteze kwa penseli yako mwenyewe.

Barua zako zote ninazo, ziko kumi na saba. Jana nilizitandika kitandani. Zote zinasema mko wazima. Sasa sijui niamini ipi.

Tafadhali rudi umwambie ukweli. Huenda bado kuna nafasi.

Binti yako

*

26 Mei

Mwanangu,

Nimekaa sana bila kukujibu. Nisamehe. Kila nikianza barua mkono ulikuwa ukiandika yale yale, nikawa naichana.

Nilirudi. Mtafiti alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. Watu arobaini wametimia na vifaa vimegawiwa. Hata kama kimoja kingebaki, daftari ambalo mwenyewe amekiri si la kweli haliwezi kutumika. Hajui kama kutakuwa na utafiti mwingine.

Umeniuliza kwa nini. Wiki ya kwanza niliandika kweli. Ijumaa nikiwa kwenye benchi nikalifungua daftari, nikaona tisa, tisa, tisa, ukurasa mzima. Nikaona haya. Yule binti mtafiti ananiita baba, anainuka kunipa kiti, ananiuliza habari za leo. Nimjibu tisa? Nikaazima kifutio kwa mwashi, nikazifuta zote, nikaandika tatu. Wiki zilizofuata nikaandika mbili, nikidhani akiona napata nafuu atafurahi, na mtu anayewafurahisha hawatamtoa. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu mzima na akili zangu.

Ni tisa. Asubuhi nane, jioni tisa. Hakuna siku iliyokuwa mbili.

Bosi ameniambia mwezi ujao nisije. Mara ya kwanza sikumsikia, ikabidi arudie kwa sauti mbele ya gereji nzima.

Kuna jambo moja linanikaa rohoni. Mwaka jana nilipokuleta shule, pale getini, uliniambia kitu. Lori lilikuwa likipita, na mlio ulikuwa juu. Nikatikisa kichwa kukubali, kama niliyesikia. Mpaka leo sijui ni nini. Ulisema nini?

Baba yako

*

3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nilisema, "Naogopa, usiondoke kwanza."

Ukatikisa kichwa, ukatabasamu, ukanishika bega, ukaenda. Nilisimama pale mpaka geti likafungwa, nikiamini kwamba umenisikia na umeona ni sawa tu. Nilikukasirikia muhula mzima. Na kila wiki nilikuandikia kwamba sijambo.

Sijui utapata kazi gani sasa. Nilimuuliza mwalimu wa biolojia kama mlio wa miaka minne unaweza kuondoka wenyewe, akasema mara nyingi hauondoki. Kwa hiyo sina habari njema ya kukuandikia, na leo sitaitunga.

Tunafunga tarehe kumi na nane. Njoo unichukue wewe, asije mama. Nitasimama upande wa sikio la kushoto, ambalo mama anasema lina nafuu kidogo, na nitasema polepole. Usiposikia, usitikise kichwa. Niambie hujasikia. Nitarudia.

Binti yako