Kopo ya Zaituni

Jumatatu, 2 mwezi wa sita
Nimeamuka. Chai. Kinini, kidonge kimoja, toka mu kopo. Gihosha, shantie, pale tunajenga. Kubeba muchanga tangu asubui. Koo inauma, nilifikiri ni vumbi. Si vumbi. Vidonda mu kinywa. Bugali imekataa kupita.
Bosco, tunachanganya naye betoni, ananicheka: "Mzee Hamadi, umekonda kama ufagio. Ni kabibi gani anakumaliza?" Wote wakacheka. Mi apana. Tangu tumuzike bibi yangu Zaituni, mwezi wa tatu, sijagusa mwanamuke hata mukono.

Jumatano, 4
Nimeanguka nikisukuma buruweti ya muchanga. Homa kali. Kapita, mukubwa wa shantie, akanipeleka hospitali. Wamevuta damu. Malaria hakuna. Dokteri ni mama kijana. Anasema globili nyeupe, zile zinapigana na magonjwa mu damu, ziko chini sana. Anatafuta sababu.
Akauliza nakunywa dawa gani. Hakuna. Ya majani? Hakuna.
Nimelazwa.

Ijumaa, 6
Dawa mu mushipa. Wamepima SIDA, ukimwi. Kungoja jibu kulinitesa kuliko homa. Najua watu wa shantie wanasema nini.
Mugonjwa wa pembeni iko na bibi yake. Anamuletea supu, anamugombeza: "We kunywa, unaniangalia nini?" Mi nasikiliza. Nasikia wivu.
Saa ya chakula jibu likakuja. Hakuna SIDA. Na ini, walipima pia, ni nzima. Nilifurahi. Sikuwa na mutu wa kuambia.

Jumanne, 10
Homa imeisha. Globili zimepanda. Dokteri hajui kilichozishusha. Amenifungulia nitoke.
Nyakabiga, kwangu. Vumbi juu ya meza. Hakuna mutu alifungua mulango huu tangu niende. Nimepika chai. Kinini mu kopo. Nimekaa.

Jumatatu, 23
Koo tena. Vidonda tena. Nimerudi kupima. Globili zimeanguka.
Dokteri hakuzunguka na maneno. Inabaki kutoboa mufupa wa kiuno, kuangalia pale damu inatengenezwa. Mara ingine ni kansa. Watatoboa Alhamisi. Naogopa ile sindano. Naogopa kansa zaidi. Nani ataninunulia sanda?
Nikiwa natoka akaniita: "Mzee, ukilala hapa globili zinapanda. Ukirudi kwako zinashuka. Kwako kuko nini? Kesho mapema uniletee kila kitu unameza. Kila kitu. Hata kama si dawa yako."

Jumanne, 24
Nimejaza mufuko. Chumvi, mawese, tangawizi, majani ya chai. Kopo ya Zaituni niliiacha juu ya kabati. Nimefika mulangoni, nimerudi kuichukua. Alisema kila kitu.
Zaituni alikuwa na uvimbe ya shingo. Moyo wake ulikuwa unakimbia. Walimupa vinini, akaviweka mu kopo ya maziwa. Kimoja na chai ya kwanza. Alikuwa anasema, "Hii inanituliza moyo." Siku tulitoka makaburini kumuzika, moyo wangu ukaanza kukimbia. Nikameza kinini chake. Kesho yake tena. Na chai ya kwanza, kama yeye. Kila asubui tulikuwa kama wawili.
Ile si dawa yangu. Ni ya Zaituni. Ndiyo maana nilisema hakuna. Sikudanganya.
Dokteri akasukuma chumvi na mawese pembeni. Akafungua kopo. Akasoma karatasi ya vinini iliyokuwa ndani. Akakaa chini.
"Mzee, ni hii."
Ni dawa ya ule uvimbe, si ya moyo. Kuna watu inawaulia globili. Mi ni mumoja wao. Hata nusu ya kinini tena, apana, itaniua. Wananilaza, lakini mufupa hawatoboi.
Nikauliza: na moyo je? Akasikiliza kifua changu, muda murefu. "Moyo ni muzima, mzee. Umefiwa."
Vinini alibaki navyo. Kopo akanirudishia. Nililia mu koridori kama mutoto. Si kwa ugonjwa.

Jumapili, 6 mwezi wa saba
Niko kwangu. Globili zimerudi. Koo imepona, nimekula bugali na samaki, ndagala. Bosco alipita. Akasimama mulangoni na kofia mukononi, akasema kesho ataniachia kazi nyepesi. Akaenda.
Kopo iko pahali pake. Nimeiosha. Sijaweka kitu ndani.
Asubui nilipika chai. Mukono ulienda kwa kabati wenyewe. Nikaurudisha.
Moyo ukaanza kukimbia. Nikauacha ukimbie. Nikakunywa chai.