Jani Ambalo Kitabuni Halimo

Jumapili, 15 Juni. Asubuhi manyunyu na ukungu. Mlima haukuonekana kabisa.

Baba,

Shikamoo. Leo nimesoma ile sura ya mtoni, na nina swali ambalo ungelijibu wewe peke yako.

Juzi Mzee Elirehema, jirani yetu, alikuja akasimama pale migombani. "Binti, baba yako ametuacha njiani. Tusomee wewe." Tangu tukuzike hakuna aliyekigusa kile kitabu ulichoachiwa na mgeni uliyempandisha mlimani: safari ya yule Mmarekani wa enzi za mikokoteni ya maksai, aliyekwenda magharibi kutafuta dhahabu, yeye na rafiki yake na saa ya ukutani ya bibi yake. Nakuona ukitutafsiria baada ya ibada, kidole kwenye mstari, kibuyu cha pombe ya mbege miguuni. Waliposema watafika kwenye mlima kabla ya chakula cha mchana, wakatembea siku nyingi na mlima uko palepale, ulicheka hadi ukavua miwani. "Hawa ndio wageni wangu kabisa!"

Mzee aliomba turudie sura ya mtoni kwa sababu angemleta mdogo wake, Mzee Abeli. Unakumbuka walivyokuwa hawasemezani kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Ndipo ulipotusomea jinsi wale Wamarekani wawili walivyogombana mtoni, kila mmoja akashika njia yake. Kisha mwenye kosa akarudi na jani la sale mkononi, lile letu la kuombea radhi, na kwa kuwa sale haikataliwi, mwenzake akamsamehe. Wiki ileile Mzee Elirehema alikata jani mpakani mwa kihamba chake cha migomba, akampelekea Abeli. Mimi nilikua nikiamini kwamba Marekani nako kuna masale.

Baba, jana nilikaa na kitabu na kamusi. Lile jani halimo. Waligombana kwa sababu ya ile saa, wakaachana, na mwandishi anasema hakumwona tena rafiki yake. Mstari unaofuata anaanza kulalamikia kahawa ya kituo cha mbele.

Sikujua la kufanya. Nikisoma yaliyoandikwa, huenda navunja amani ya ndugu wawili. Nikisoma ulivyosoma wewe, nitawadanganya wazee machoni. Nilitamani mno kukuuliza.

Leo, mbele yao wote wawili, nilisoma yaliyoandikwa. Nilipofika kwenye kahawa, Mzee Abeli akainua kichwa.

"Na sale je?"

"Haimo, mzee wangu."

"Kumbe! Kaka, uliniomba radhi kwa hadithi ya kutungwa? Basi nirudishie msamaha wangu. Na zamu ya maji pia."

Hakuna aliyecheka. Mzee Elirehema alifuta povu la mbege mdomoni, taratibu.

"Mimi nilijua siku ileile. Mzungu angeipata wapi sale? Marehemu alidhani nasinzia. Nilikuwa nimechoka kukukasirikia, Abeli, ila nilikosa pa kuanzia."

Mzee Abeli akamsogezea kibuyu chake.

"Sale ikishapokelewa hairudi," akasema. "Lakini maji ya Alhamisi ni yangu."

"Yako, na mdomo wako pia ni wako!" Wakacheka hadi Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa swali langu. Ulipanga tangu nyumbani, au jani lilikujia palepale? Nimeutazama ule ukurasa mara nyingi, natafuta mahali ulipokata kona. Sipaoni. Nakumbuka hukusita, hukukohoa, kidole kiliendelea kushuka mstari kwa mstari kama kawaida. Ulikuwa ukiutazama ukurasa, au ukimtazama Mzee Elirehema? Na ni wapi kwingine ulipofanya hivyo? Namshuku hata yule nyumbu uliyetusomea, aliyegoma mpaka aimbiwe wimbo wa kanisani. Sijafika kwake bado.

Mama hajambo. Kahawa imeanza kuiva upande wa chini. Kiti chako hakuna anayekikalia, ila kuku.

Pumzika, Baba. Nitawasomea kila Jumapili hadi ukurasa wa mwisho, kisha nije kaburini nikwambie kama yule Mmarekani alifika kwenye dhahabu. Na yule nyumbu, awemo asiwemo, nitamwimbia.

Saa tano na robo usiku. Nalala.