Picha Anayoitaka Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo uzinduzi wa ofisi ya bima. Mkurugenzi ana kitambi cha miezi minane na anataka kisionekane. Nikamwambia, bosi, mimi mpiga picha, si mkunga. Walicheka wote ila yeye. Picha ya pamoja, umati mzima, hakuna aliyefumba macho hata mmoja. Mbinu yangu ileile: fumbeni wote, nahesabu, kwenye tatu mnafumbua — nabonyeza. Mji huu wote nani mwingine anaweza? Hayupo.

Na kubwa zaidi: wale watafiti wa ndege wa porini niliowaomba kazi wamethibitisha. Ijumaa asubuhi gari linanifuata. Msitu wa mvua, miezi mitatu, mtandao hakuna. Kati ya wapiga picha wote wamenichagua mimi. Hawakukosea.

Nikakimbilia kwa shangazi kumpa habari. Ndiye aliyenilea, nilijua atafurahi mpaka jirani asikie. Akanisikiliza, akasema: basi kabla hujaondoka nipige picha ya msiba. Nikauliza, msiba wa nani? Wangu, anasema. Kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nimeondoka bila kuaga. Chai nimeiacha inafuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimechomwa sindano ya homa ya manjano, mkono umevimba. Kisha kwa muuza viatu, kuomba vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi. Msituni lenzi huota kuvu kama mkate. Kanipa mfuko mzima, kaniuliza naenda kuvila? Siku nyingine ningemjibu vizuri.

Jioni dada kanipigia. Yeye anakaa na shangazi. Anasema picha nimpige tu, nisibishane na mgonjwa. Mgonjwa gani? Ndipo akatoa: moyo wa shangazi umechoka, daktari alisema tangu mwezi uliopita. Wote wanajua! Dada anajua, muuza mkaa anajua, mimi ndiye bwege wa ukoo. Eti shangazi aliwakataza, maana ningeiacha safari.

Nimemkatia simu dada yangu wa tumbo moja. Na nitamkatia tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Nilimkuta ameshakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kajifunga kitambaa cha buluu, kajipaka wanja. Anasema jirani yake alipofariki, msibani walimwekea picha ya kitambulisho iliyovutwa mpaka marehemu akafanana na mwizi wa kuku. Yeye hataki kuagwa hivyo. Anacheka peke yake. Mimi sikucheka.

Nikamwambia, fumba. Nikahesabu. Nikabonyeza kwenye mbili.

Nikarudia. Zote nne nilibonyeza kwenye mbili. Nikamwonyesha: ona shangazi, leo macho yamekataa, umelala kabisa. Tutapiga nikirudi.

Akaisukuma kamera pembeni. Kisha kwa upole — upole wake ndio unaochoma — akaniuliza, harusi ngapi nimekaa kiti cha mbele nakusikia unahesabu wewe? Mbovu ni moyo, mwanangu. Masikio mazima.

Hapo nikalipuka. Kwamba amenificha mwezi mzima. Kwamba anataka nimpige picha ili aondoke vizuri, nami niko porini napiga kunguru. Nikasema siendi.

Akasema, utakwenda. Ukibaki hapa unikodolee macho kila nikikohoa, nitakufa mapema kwa kero.

Nimebamiza mlango. Dada kanifuata hadi nje, anasema mlango ule kitasa chake kilikuwa kibovu tayari, sasa nani atatengeneza. Hata hilo limenikasirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanga begi. Nimepangua. Nimegombana na muuza maturubai, nimegombana na paka.

Nikampigia msimamizi wa safari, nisogezewe wiki moja. Anasema ndege wanaatamia sasa, hawamsubiri mtu. Nisipokwenda, yuko mwingine — nikamuuliza nani, akamtaja yule tunayemwita Bwana Giza. Bwana Giza! Yule hata jua likiwa utosini anapiga watu kama walio ndani ya gunia.

Nikasema nitakuja. Tangu hapo sijazungumza na mtu. Sina usingizi wala sina njaa, nina hasira tu, tena hata sijui niipeleke kwa nani. Moyo wa mtu haushtakiwi popote.

Ijumaa, 7 Machi

Gari liko nje ya nyumba ya shangazi. Nilimwambia dereva apitie hapa, dakika chache. Shangazi alikuwa tayari kakaa, mwanga mzuri unaingia kwa upande. Dada kamshikia kioo. Hakuna aliyetaja juzi.

Sikuhesabu. Nilisubiri tu mpaka aache kujitengeneza, akaniangalia kama alivyokuwa ananiangalia nikitoka shule na shati limechanika. Nikabonyeza. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na mimi sijawahi kupiga mbaya.

Akauliza, imetoka? Nikasema bado, moja zaidi. Nikapiga. Moja zaidi. Geuza bega kidogo. Moja zaidi. Dada akaanza kulia, nikamwambia anaziba mwanga. Dereva kapiga honi. Shangazi akasema, wewe, watu wanakungoja.

Nimemwambia atulie hapohapo, naenda kubadili betri. Niko kwenye korido, naandika juu ya goti. Honi tena. Namsikia anamuuliza dada, mbona betri inachelewa?

Betri imejaa.