Maji ya kisima kwenye rejeta

Naima shoga, gari la kaka Shomari limechemka kwenye mlima wa Goba, na wifi Tabu yumo ndani na uchungu wa kujifungua!

Moshi umetanda. Tabu analia, "Shomari, nakufa!" Mama, aliyekuwa naye garini, kampakia kwenye bajaji, wakakimbilia hospitali.

Kaka akaita fundi. Gari lilipopoa fundi akafungua rejeta, kutu tupu. Akaonja yale maji kwa kidole. "Braza, unawekaga maji gani humu?"

Ya kisima cha nyumbani. Yale ya chumvi, shoga. Ya chumvi! Mwaka mzima!

Mama akapiga simu, kaka akamweleza.

"Shomari, maji hayo hata chai yako hatukupikii."

Akakata. Hajasema kama Tabu kajifungua, na kaka anaogopa kumpigia.