Kiraka Chini ya Dirisha la Tatu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana baada ya siku hiyo hakutakuwa na cha kusaidia tena, yatabaki majivu na mabati yaliyojikunja.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, fundi cherehani, nina binti mmoja aliyeolewa na mama mzazi wa miaka themanini na moja ambaye bado ananigombeza, na nina ugonjwa ambao sijawahi kutaka kupona, nao ni ndege, hasa ndege za zamani, zile za pangaboi zinazonguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Tangu nilipopata kamera ya mtumba nikiwa na miaka kumi na tisa, kila Jumapili asubuhi nasimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege napiga picha, na nyuma ya kila picha naandika tarehe, namba ya mkiani na alama ya mwilini, kama ilikwaruzwa wapi, kama ilibonyea wapi, halafu naziweka kwenye makopo ya vifungo chini ya kitanda. Walinzi watatu wamestaafu wakaniacha palepale. Mtaani naitwa Mama Kamera, na wengine husema maneno mengine nikishapita.

Sasa nisikilize vizuri. Zamani uwanja wetu ulikuwa na ndege mbili pacha za kubeba wagonjwa, namba ya moja iliishia na saba na ya nyingine iliishia na nne, kwa hiyo sote tuliziita Saba na Nne. Mwaka wa mafuriko makubwa, nikiwa na miaka minane, Saba ndiyo iliyotua kwenye kipande cha barabara kilichobaki ikamchukua mama yangu aliyekuwa amekata kauli, na siku ya tisa mama akarudi akitembea kwa miguu yake na kuniuliza kwa nini sijachana nywele. Siku hiyo ya mafuriko kisiki kiliitoboa Saba ubavuni, kushoto, chini ya dirisha la tatu, na fundi mmoja kijana akaiziba palepale topeni kwa bati na ribiti, zile pini za kubania bati, ili iweze kuruka tena. Fundi huyo leo ni mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu, alistaafu akiwa fundi mkuu wa ndege, mzee mwenye heshima zake, na ukitaka kumfurahisha muulize habari za mafuriko.

Miaka thelathini iliyopita, mkwe akiwa masomoni nje ya nchi, lori la mafuta liligonga mkia wa Nne ukapondeka, na kwa kuwa injini za Saba zilikuwa zimeshachoka, mafundi waliobaki waliung'oa mkia wa Saba wakaufunga kwenye Nne, na namba hawakuifuta; mkwe aliporudi zote mbili zilikuwa zimeshastaafishwa, hakuambiwa. Mimi nilikuwa kwenye uzio, nikapiga picha tano, ya kwanza mkia uko kwa Saba, ya mwisho uko kwa Nne.

Mwaka huu uwanja umeamua kuisimamisha Saba juu ya nguzo mbele ya jengo la abiria, mkwe akapewa uenyekiti wa kamati, akaenda kule nyuma kwenye ndege mbovu, akasoma namba mkiani, akasema ndiyo hii. Mshauri, ni Nne! Wameipaka rangi, wameing'arisha, na mtu alipouliza kiraka kiko wapi mkwe akajibu kwamba bila shaka bati lote lilibadilishwa. Na Saba yenyewe, haina mkia, imekokotwa mpaka uwanja wa mazoezi wa zimamoto, na Alhamisi wanaimwagia mafuta na kuichoma ili wajifunze kuzima, halafu Jumamosi ndiyo sherehe. Ili nihakikishe nilipanda juu ya tangi la maji la gereji ya jirani, kwa ngazi, na magoti yangu haya, fundi wa gereji ameshika ngazi huku akiomba dua zote anazozijua, na kupitia lenzi nikakiona kiraka. Nimeshona viraka karibu miaka arobaini, siwezi kukosea kiraka.

Nilijaribu kusema. Tulikuwa mezani kwa binti yangu, watu wote wapo, nikasema, "Mkwe, nadhani ile siyo Saba." Akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu, wewe tushonee magauni, ndege tuachie sisi." Binti yangu akanikanyaga chini ya meza, na baadaye jikoni akaniambia, "Mama, nakuomba. Wewe utaondoka hapa jioni, mimi ndiyo kwangu hapa." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Na sasa niungame. Nina bahasha mezani, ndani yake mna picha zote tano, na nimeiandikia anwani ya gazeti lako hilihili, ili zitoke Jumamosi asubuhi wakati mkwe amevaa suti anakata utepe. Najua kufikia Jumamosi Saba itakuwa imeshaungua. Lakini kuna pande la moyo wangu linataka kuona sura yake tu. Niseme nimvunje mzee na nyumba ya mwanangu, au ninyamaze ichomwe ndege iliyonirudishia mama?

Mama Kamera

*

JIBU. (Kwa kuwa siku zilikuwa zimebanana, mama huyu alisomewa jibu hili kwa simu siku ileile barua ilipofika. Tunalichapa kama lilivyosomwa.)

Mama Kamera, kwanza pokea salamu zangu, na pili pokea maneno yangu, maana unayastahili yote mawili. Miaka thelathini na minane umesimama juani bila kuajiriwa na mtu, ukaandika nyuma ya kila picha, na leo uwanja mzima wenye ofisi na makabati hauna kumbukumbu ulizonazo wewe chini ya kitanda. Mimi nimesoma barua yako nimesimama. Halafu nikafika kwenye hiyo bahasha yako, nikakaa chini.

Hivi wewe unataka nini? Unataka ndege au unataka sura ya mzee? Maana umeipanga bahasha ifike siku mbili baada ya moto. Hiyo siyo kuiokoa Saba, hiyo ni kulipiza kisasi kwa kutumia maiti yake. Ichane leo. Mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye gazeti hili na nakwambia ichane.

Binti yako ana haki ya kuogopa, lakini hana haki ya kukuziba mdomo. Na wewe ulikosea mahali pa kusemea. Mzee wa watu, mwenyekiti, yuko mezani mbele ya wanawe na wakwe zake, unamwambia hajui ndege aliyoitibu kwa mikono yake? Ulitaka akujibuje? Angekubali pale, angekula nini tena siku hiyo?

Kwa hiyo kesho asubuhi unakwenda kwake, peke yako, usipitie kwa binti wala usipige simu kwanza. Usimwambie amekosea. Neno hilo lisitoke kabisa kinywani mwako. Tafuta kwenye makopo yako picha moja tu ya zamani inayoonyesha kiraka kwa karibu, iweke mbele yake na umuulize, "Mkwe, kazi hii ni ya nani?" Kisha unyamaze. Najua ni vigumu kwako, barua yako nimeiona urefu wake, lakini unyamaze. Fundi haachi kuitambua kazi yake. Akishaitambua ndipo umpe zile tano za mkia, moja moja, na tarehe zake.

Akikataa, usilie wala usibishane. Toka hapo, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa zimamoto na makopo yako yote, na usiondoke mlangoni kwake mpaka aje atazame kiraka kwa macho yake. Heshima kwa mkwe ni kumtangulizia yeye habari. Ukishamtangulizia umemaliza deni la heshima, na kinachobaki ni ndege. Nenda, mama. Vaa viatu vya kutembelea.

*

BARUA YA PILI, iliyotufikia wiki tano baadaye.

Mshauri wangu, bahasha niliichana na kwa mkwe nilikwenda. Nilimkuta barazani anatengeneza feni ya jirani. Nikaweka picha juu ya meza katikati ya skrubu zake, nikauliza kama ulivyoniagiza, nikanyamaza, na Mungu ndiye anayejua nilivyoteseka.

Akaitazama. Akaingia ndani akatoka na miwani, akaivua, akarudi na miwani nyingine. Akaanza kuhesabu ribiti kwa ncha ya bisibisi. "Upande huu kumi na saba," akasema. "Upande huu zinatakiwa kumi na saba pia, lakini ziko kumi na sita, kwa sababu moja ilinidondoka topeni na sikuwa na nyingine. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Niliona aibu." Akanitazama. "Mkwe, picha hii uliipiga lini?" Nikamgeuzia nyuma akasoma tarehe. Ndipo nikampa zile tano, na alipofika ya mwisho aliinuka, feni ya watu akaiacha imefumuka vilevile, akasema, "Twende. Mimi nimekuwa mjinga, lakini miguu bado ninayo."

Tulifika mapipa ya mafuta yameshapangwa kando ya Saba. Mkuu wa zimamoto akaanza kueleza habari za ratiba. Mkwe alimpita akaenda mpaka dirisha la tatu, akaweka kidole kwenye tundu la ribiti iliyokosekana, na kidole kikaingia. Alilia, mshauri, mzee yule alilia kwa sauti, na mimi nikalia, na yule mkuu akaagiza mapipa yaondolewe. Zimamoto wamepewa basi bovu la kuchoma, na Nne imerudishwa kule nyuma ikiwa inang'aa, wataitafutia mkia mwingine.

Sherehe iliahirishwa mwezi mzima ili Saba irudishiwe mkia wake. Siku ilipofika, mkwe aliiweka kando hotuba aliyoandikiwa. Alisema mbele ya watu wote, "Kiraka hiki nilikiweka mimi, na mimi ndiye niliyekisahau. Mama huyu hakukisahau. Nilimwambia ashone magauni. Leo namwomba radhi, na namwomba anishonee suti." Watu wakacheka na kupiga makofi, na binti yangu, yule aliyenikanyaga, alipiga vigelegele kuliko wote. Mama yangu alikuwa amewekewa kiti chini ya bawa. Aliitazama Saba kwa muda mrefu, akaigusa, akasema, "Ilikuwa kubwa zaidi ya hii." Hiyo ndiyo shukrani yake, tumeipokea.

Kisha mkwe akafungua lile geti dogo ambalo nimelitazama miaka thelathini na minane nikiwa nje, akanishikia mkoba, akasema, "Ingia, mkwe. Piga picha zako."

Nimekutumia moja. Maelfu yote yaliyomo kwenye makopo yangu yana kivuli cha waya wa uzio mahali fulani, juu au pembeni, nilikizoea mpaka nikadhani ni sehemu ya ndege. Hii itazame vizuri kila pembe. Haina waya.