Fimbo Iishie Begani

Golbanti, karibu na Garsen

Shikamoo Baba,

Tumefika salama. Mafuriko yameshuka na mpunga umekubali. Jana nilishika mchi kumsaidia mama mkwe kutwanga. Nikauinua juu ya kichwa, nikaushusha kwa nguvu zangu zote, na mara ya tano kiuno kikakaza, nikashindwa kunyooka. Mama mkwe akacheka mpaka leso ikamdondoka kichwani. "Weye, kinu kimekukosea nini?" Akampa wifi mtoto wangu aliyekuwa amempakata, akanionyesha. Ni mtu wa umri wako, Baba, na hutwanga kila siku. Anauinua mchi mpaka kifuani tu, kisigino kinanyanyuka, nyonga na mabega vinageuka pamoja, kisha anauachia uanguke. "Mchi una uzito wake," akasema. "Zamani niliupeleka juu kama wewe. Sasa ni hivi, na mchele ni uleule."

Nikakuwaza na fimbo yako ya gofu, unavyoizungusha hadi nyuma ya shingo kama enzi ulipokuwa ukiwabebea wageni mifuko ya fimbo uwanjani. Daktari alisema uache kwa ajili ya mgongo. Mimi sisemi uache, najua uwanja ndio furaha yako. Lakini iishie begani, geuka mwili mzima, kisigino kiachie kinyanyuke. Mpira ukianguka karibu, si utaufuata?

Nimechoka, ila wananipokea mtoto nilale, nami nashukuru sana. Wenzako wakikucheka, waambie binti yako ameamuru. Mungu akutunzie mgongo huo, ndio ulionibeba hadi kliniki nilipougua surua.

Mwanao,
Rehema